Kula Vibichi kwa Familia: Mwongozo Kamili wa Wiki 6 za Kwanza

Familia nyingi zinazoamua kuachana na vyakula vya pakiti na kula zaidi matunda, mboga, karanga na nazi bila kupika hukwama wiki ya pili. Sababu ni zilezile tatu nyumba kwa nyumba: njaa, tumbo kujaa gesi na kuharisha. Hakuna hata moja inayotokana na uvivu. Njaa hutokana na hesabu mbaya, gesi hutokana na haraka, na kuharisha hutokana na maji, mikono na kisu.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuziba mianya hiyo mitatu kwanza. Lengo ni nusu mpaka theluthi mbili ya sahani iwe mbichi, na kila jioni chungu kimoja kikae jikoni. Nyama, samaki, mayai na maziwa havimo kabisa kwenye hesabu ya vibichi. Maziwa yasiyochemshwa huleta brusela na kifua kikuu, mayai mabichi huleta salmonela, na nyama mbichi huleta tegu. Hivyo vyote vinapikwa, hakuna mjadala.

## Wasioanza mpango huu

- Mtoto chini ya miaka 2. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo anahitaji uji mzito na vyakula laini vilivyopikwa. Tumbo lake ni dogo, na saladi humjaza kabla hajapata nguvu ya kutosha.
- Mjamzito, mzee dhaifu na mwenye kinga ndogo ya mwili. Hawa wale matunda ya kumenya na mboga zilizopikwa.
- Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi. Ukipunguza ugali ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari hushuka mpaka mtu anazimia. Aonane na daktari wake kwanza.
- Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda. Majani mabichi mengi yana vitamini K, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.
- Mgonjwa wa figo. Ndizi, parachichi, dafu, machungwa na nyanya zina potasiamu nyingi, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa familia ya watu wanne:

- Ndoo ya maji ya kunywa ya lita 20 yenye koki na mfuniko. Maji yawe yamechemshwa hadi yatokote kwa nguvu angalau dakika 1.
- Mabeseni mawili ya lita 10: la kuoshea na la kusuuzia. Yasitumike kufulia.
- Jiki isiyo na manukato wala rangi. Soma kibandiko, vipimo vya hapa ni vya jiki ya asilimia 3.5.
- Kijiko kikubwa cha kupimia cha ml 15.
- Mbao mbili za kukatia na visu viwili. Seti moja ni ya vibichi tu, nyingine ni ya nyama na samaki.
- Brashi ngumu ya kusugulia karoti na viazi vitamu.
- Mbuzi ya nazi, kikwaruzio cha karoti, kinu kidogo, na chupa ya kioo ya lita 2 yenye mdomo mpana.
- Mzani wa jikoni, na mzani wa kupimia watu (hata wa kwenda kupimia duka la dawa).

Friji inasaidia lakini si lazima. Asiye nayo anunue kila siku, kidogo kidogo, na asiache tunda lililokatwa likae mezani zaidi ya saa 2. Siku za joto kali, kama Januari hapa Pwani, iwe saa 1.

## Hatua ya 1 (wiki ya 1): Toa pakiti, usiongeze kibichi

Wengi huanzia kwenye saladi. Anzia kwenye kabati. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na mtoto akaumwa tumbo, hutajua kilichomdhuru.

Toa soda, juisi za boksi, biskuti, soseji, tambi za dakika mbili, majarini na viungo vya mchuzi vya pakiti. Kila unachotoa kiwe na mbadala wake siku hiyohiyo, maana kabati tupu ndilo linalomrudisha mtoto dukani:

- Soda: maji ya ukwaju au ya ubuyu yasiyo na sukari nyingi, au dafu.
- Biskuti: ndizi mbivu na karanga.
- Mkate mweupe wa asubuhi: kiazi kitamu au boga la kuchemsha.
- Sembe: dona.

Dona lina kiini cha mahindi, na kiini kina mafuta, kwa hiyo huchacha mapema. Saga la wiki mbili tu. Mahindi yachambuliwe kabla hayajaenda mashineni. Punje zenye ukungu, zilizovunjika au zilizobadilika rangi zitupwe. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, haifi kwa kupikwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Kitu kimoja cha kiwandani kisitoke: chumvi yenye madini joto. Kuna wanaobadilisha wakatumia chumvi ya mawe kwa kuwa "ni ya asili". Chumvi hiyo mara nyingi haina madini joto ya kutosha, na upungufu wake huleta rovu na hudumaza ubongo wa mtoto, tangu akiwa tumboni.

Mambo yakienda sawa: siku ya saba pipa la taka lina maganda mengi kuliko pakiti, na watoto wameacha kuulizia soda kila mlo.

## Hatua ya 2 (wiki ya 1, mwishoni): Jifunze kuosha

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayolaza watu hospitali. Mboga iliyopikwa husamehe uchafu kwa sababu moto unaua. Mboga mbichi haisamehe.

Anza na chanzo. Bustani za mabondeni mjini, mfano za kando ya Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, zinapata maji yaliyobeba taka za jiji. Vijidudu unaweza kuviosha. Metali zilizoingia ndani ya jani huwezi. Uliza mchicha na saladi vimetoka wapi, na kama muuzaji hajui, pika au acha. Kabichi na karoti za Lushoto, au kitu chochote chenye ganda la kumenya, ni salama zaidi kuanzia.

Kisha fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Ondoa majani ya nje ya kabichi na sehemu zilizooza.
2. Sugua kila jani chini ya maji yanayotiririka, ya bomba au ya jagi. Karoti zipigwe brashi. Mayai ya minyoo hayauawi na klorini. Yanang'olewa kwa kusugua tu. Anayeloweka bila kusugua amefanya nusu ya kazi.
3. Jaza beseni maji lita 10, tia jiki kijiko kikubwa kimoja (ml 15), koroga. Zamisha mboga zote, dakika 10. Maji yakichafuka badilisha, kwa sababu tope hula nguvu ya klorini.
4. Suuza kwenye beseni la pili kwa maji ya kunywa. Ukisuuza kwa maji ya kisima umerudi ulikoanza.
5. Chuja, kausha kwa kitambaa safi. Jani lililohifadhiwa likiwa na maji huoza kesho yake.

Papai, tikiti, nanasi na parachichi nayo yaoshwe nje kabla ya kukatwa. Kisu hupita kwenye ganda chafu na kuingiza uchafu ndani ya nyama ya tunda.

Tahadhari: usichanganye jiki na siki wala ndimu, hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu. Usitumie sabuni ya unga kwenye mboga. Maji ya chumvi au siki pekee hayatoshi, hata kama ndivyo jirani anavyofanya miaka yote.

Mambo yakienda sawa: chini ya beseni la pili hakuna mchanga, na mboga haina harufu ya jiki. Ikinuka, umezidisha kipimo au hukusuuza vya kutosha.

## Hatua ya 3 (wiki ya 2): Kifungua kinywa kibichi

Asubuhi ni mlo rahisi kuubadilisha kwa sababu matunda ni matamu na hayahitaji kushawishi mtu. Kwa watu wanne:

- papai 1 la kilo moja na nusu
- ndizi mbivu 8 za wastani
- parachichi 2 kubwa
- karanga gramu 100, zilizokaangwa kidogo na kutwangwa
- unga wa ubuyu vijiko vikubwa 4
- ndimu 2

Kata papai na ndizi, ponda parachichi kwa uma, changanya, kamulia ndimu, nyunyiza ubuyu na karanga juu. Sahani zote nne zina takribani kalori 2,300, kama 580 kwa kila mtu. Ukiondoa parachichi na karanga zinabaki kama 1,100, na hapo ndipo njaa ya saa nne asubuhi inapozaliwa.

Karanga zichambuliwe moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu mdomoni itupwe, kwa sababu ile iliyopata sumukuvu haitengenezwi na kikaango. Watoto chini ya miaka 5 wapewe zilizosagwa tu. Punje nzima humpalia mtoto. Asali asipewe aliye chini ya mwaka 1.

Chai isubiri angalau saa 1 baada ya mlo. Hupunguza mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mimea, ilhali ndimu na ubuyu huongeza. Baada ya matunda machachu, sukutua kwa maji na uache nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Asidi hulainisha meno kwa muda, na brashi ikipita mapema inayakwangua.

Juisi isichukue nafasi ya tunda. Machungwa manne hunywewa kwa dakika moja, na makapi yenye nyuzi yanabaki kwenye chujio.

## Hatua ya 4 (wiki ya 3 na 4): Bakuli la mchana

Hapa ndipo hesabu inapovunja watu. Ugali uliopikwa kwa gramu 200 za unga una kalori kama 720. Ili upate hizo kwenye matango, utahitaji kula karibu kilo 5. Hakuna tumbo linaloweza. Mtu anakula sahani iliyojaa, tumbo linauma kwa kushiba, na saa moja baadaye anatetemeka kwa njaa. Halafu anaambiwa hana uvumilivu.

Kinachojaza pengo la ugali ni mafuta na wanga vya asili. Nusu ya parachichi kubwa (gramu 100) ina kalori 160. Ndizi mbivu mbili, 180. Karanga gramu 30, yaani kiganja kimoja, 170. Nazi iliyokunwa gramu 40, 140. Jumla 650, na mboga juu yake zinakufikisha karibu na 700. Kanuni ya bakuli: kila mtu mzima apate vitu viwili kati ya parachichi, nazi, karanga, ufuta na mbegu za maboga, pamoja na kimoja cha wanga. Ndizi mbivu au kiazi kitamu cha kuchemsha kilichopoa vinafaa. Kiazi hicho kimepikwa, na hilo halina shida.

Bakuli la watu wanne:

- kabichi gramu 500, iliyokatwa nyembamba sana
- karoti 4, zilizokwaruzwa
- nyanya 4, tango 1, kitunguu 1
- embe bichi 1 (msimu ukipita, tumia nanasi)
- parachichi 2
- nazi nusu, iliyokunwa
- ufuta vijiko vikubwa 4, uliokaangwa kidogo
- ndimu 3, chumvi nusu kijiko cha chai

Anza na kabichi. Inyunyizie chumvi, ifikiche kwa mikono safi dakika 3, iache dakika 10. Chumvi huvuta maji, nyuzi hulainika, na bakuli linapungua mpaka karibu nusu. Wanaoruka hapa ndio wanaolalamika kwamba taya zimechoka. Kitunguu kioshwe kwa chumvi kama cha kachumbari ya pilau, ukali utoke. Changanya vyote, parachichi liwe la mwisho lisigeuke uji.

Nazi na parachichi vina kazi ya pili. Rangi ya njano ya karoti, ambayo mwili huigeuza vitamini A, hufyonzwa pamoja na mafuta. Karoti ikiliwa bila mafuta, sehemu kubwa ya rangi hiyo inapita tu.

Gesi. Wiki ya tatu anza na nusu kikombe cha mboga mbichi kwa mtu, kando ya chakula chenu cha kawaida. Ongeza nusu kikombe kila baada ya siku tatu mpaka bakuli zima. Bakteria wa utumbo wanahitaji muda kuzoea nyuzi. Maji ya kunywa nayo yaongezeke. Nyuzi bila maji hufunga choo badala ya kukifungua.

Tahadhari: tango au mung'unya ukiwa mchungu isivyo kawaida, tema, utupe lote. Uchungu ule ni sumu, na hauondoki kwa kuloweka.

Mambo yakienda sawa: mtu anakaa saa 3 mpaka 4 bila kutafuta kitu cha kutafuna, na choo ni laini, mara 1 au 2 kwa siku.

## Hatua ya 5 (wiki ya 4): Kuchipusha choroko

Ni hatua ya hiari, lakini ni njia ya bei nafuu ya kupata mboga mpya kipindi sokoni zimepanda.

Chukua choroko za kula gramu 200. Usitumie mbegu za kupanda, kwa kuwa nyingi zimetiwa dawa. Chambua, osha, loweka kwenye chupa kwa maji ya kunywa saa 8 mpaka 12. Mwaga maji, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, ulaze chupa kwa mteremko ili maji yaliyobaki yatoke. Suuza asubuhi, mchana na jioni. Kwenye joto la Pwani mkia wa sentimita 1 hutokea ndani ya siku moja na nusu. Arusha au Mbeya huchukua siku mbili mpaka tatu.

Zikinuka uvundo au zikiteleza, maji yalituama, tupa zote. Zisipochipua, zilikuwa za zamani.

Joto na unyevu vinavyoamsha choroko huamsha pia bakteria. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, chipukizi za uwatu zilisambaza bakteria wa *E. coli*, na zaidi ya watu 50 walikufa. Kwa hiyo watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wale zilizopikwa hasa, ziive. Wengine wazitumbukize kwenye maji yanayotokota dakika 1 kabla ya kula. Hatari inapungua bila kuisha, na choroko bado hazilainiki kabisa mdomoni.

## Hatua ya 6 (kuanzia wiki ya 2, kila jioni): Chungu kimoja

Vitu vifuatavyo haviliwi vibichi kwa namna yoyote:

- Maharage. Yana lektini inayoleta kutapika kukali. Loweka angalau saa 5, mwaga maji yale, tia mapya, yatokote kwa nguvu dakika 30, ndipo upunguze moto mpaka yaive. Moto mdogo tangu mwanzo hauiui sumu hiyo. Kuyachipusha pia hakusaidii.
- Muhogo na kisamvu. Vina sianidi. Muhogo mtamu unayo kidogo, lakini kwa macho huwezi kuutofautisha na mchungu, kwa hiyo hata kipande cha kutafuna njiani acha. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri ndio unaoleta konzo, kupooza miguu, ugonjwa uliowahi kuonekana Tanzania na Kongo. Kisamvu kitwangwe, kichemshwe wazi bila mfuniko.
- Magimbi. Huwasha koo.
- Viazi mviringo, hasa vilivyogeuka kijani, na soya.
- Mchicha na matembele. Havitaua mtu, lakini vina oksaleti nyingi (kemikali ya mmea inayozuia mwili kufyonza kalsiamu), na kikombe kilichopikwa kina majani mengi kuliko bakuli zima la mabichi. Pika.

Chungu hicho ndicho kinacholeta protini, chuma na vitamini B12, ambayo kwenye mboga na matunda haipo. Mzunguko unaotosha kwa wiki: maharage au kunde siku 3, dagaa siku 2, mayai siku 1, nyama au samaki siku 1, kila mara na mboga ya majani. Familia isiyokula kabisa vya mnyama lazima itumie vidonge vya B12. Hilo halina njia ya mkato.

Mtoto wa shule hubeba ndizi, karanga na kiazi kitamu, si tunda lililokatwa linaloshinda kwenye begi. Mkialikwa harusini au msibani, kuleni kilichopikwa kama wenzenu.

## Hatua ya 7: Kupima kila wiki

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kula, pimaneni uzito kwa mzani uleule, mwandike kwenye daftari.

- Mtoto akipungua uzito, hata nusu kilo, mrudishie uji wa asubuhi na ugali wa mchana siku hiyohiyo. Akipungua tena wiki inayofuata, mpeleke kliniki. Mtoto hapaswi kupungua, bila kujali anaonekana amechangamka kiasi gani.
- Mtu mzima asiyekusudia kupungua akipoteza zaidi ya kilo 1 kwa wiki, aongeze nusu parachichi na kiganja cha karanga kila mlo.
- Hedhi ikivurugika au ikikatika kwa asiye mjamzito, nguvu haitoshi. Utafiti uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1999 kuhusu watu waliokula vibichi muda mrefu ulikuta karibu theluthi ya wanawake walio chini ya miaka 45 hedhi zao zimekatika, kabisa au kwa vipindi. Rudisha mlo wa pili wa kupika.
- Kusikia baridi, kizunguzungu, kope za ndani kuwa nyeupe: kapime damu.
- Kuharisha mara 3 au zaidi kwa siku: simamisha vibichi vyote, tumia ORS, na mtoto apewe pia vidonge vya zinki. Choo chenye damu, au cheupe kama maji ya mchele, ni hospitali saa hiyohiyo. Kabla ya kurudi kwenye bakuli, rudieni Hatua ya 2 na mkague ndoo ya maji.

Kwenye daftari andikeni pia kilicholiwa. Mara nyingi ukurasa wa wiki mbaya utaonyesha jambo moja: parachichi ziliisha Jumanne na hazikununuliwa tena.